Alama Nyekundu Kwenye Karti

Kazi moja, Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Misa ya asubuhi, kisha biro, ofisi ya parokia ambamo niko sekretere. Nilifagia, nilipangusa meza, nilifungua dirisha kidogo tu ju ya baridi. Watu watatu walikuwa tayari kwenye benchi, wote wanataka karatasi ya ubatizo. Niliwaambia warudi siku ingine. Mashini mpya ya parokia, ile kompyuta, ilikufa juma lililopita: kuran, umeme wetu, ilikatika, ikarudi na nguvu, tukasikia harufu ya moshi. Koni, kule wanatengeneza umeme, iko hapa karibu, lakini kuran yake inatutembelea kama mugeni. Kilichopona ni disku peke yake. Ndani ya disku hiyo muko majina ya wabatizwa wote.

Padri Anselme ameamua turudie mashini ya zamani, ile nyeusi iliyowekwa depo, kwenye chumba cha vitu. Disku iliyopona itanakiliwa yote jinsi ilivyo, kila kitu na pahali pake, kwenye disku ya mashini ya zamani. Ile ya asili itafungiwa kwenye kabati. Vizuri. Lakini fundi aliyemuchagua ni Héritier.

Héritier njo yule kijana anayetaka kumuoa Nadège wangu. Siku ya posho, Jumamosi ya juma lijalo, tarehe 15, watu wake wanakuja kubisha hodi. Baba mudogo Fidèle, ndugu ya marehemu mume wangu, ataniuliza mbele ya wote: Mama Nadège, unamujua huyu kijana? Nikisema ndiyo, mambo yataendelea. Nikisema hapana, yatakufa pale pale. Niko na siku kumi na mbili za kumujua.

Simuamini. Naandika wazi, hapa hakuna mutu anayesoma. Baba yake anachimba madini Kambove. Kwao wanasali kwenye yale makanisa ya kelele. Na yeye mwenyewe hajanitazama machoni hata mara moja. Najua, ni heshima ya mukwe. Kwa watu wa mama yake, Wabemba, mwanaume hamutazami mama mukwe, hali wala hanywi kwake mpaka apikiwe chakula cha kumufungulia, habishani naye. Sawa. Lakini mwizi pia hatazami mutu machoni.

Na mafundi tunawajua. Unapeleka redio nzima iliyokosa sauti tu. Inarudi na sauti, bila matumbo. Basi kabla hajafika nilifanya kazi yangu. Nilifungua mashini ya zamani kwa kisu cha mezani. Nilitia alama kwa verni ya makucha ya Nadège, ile nyekundu. Nukta moja juu ya disku. Nukta moja mugongoni mwa kila memwari, vile vipande vya kumbukumbu, zote mbili. Na nukta moja kwenye karti ya rezo, kile kipande kinachopokea kamba ya enternet na ya mashini ya kuchapa. Kwenye karti niliiweka juu ya meno ya dhahabu, yale yanayoingia ndani, ju wanasema hiyo dhahabu njo wanatafuta. Nilipulizia ikakauka. Nilirudisha kila kitu pahali pake.

Sasa aje.

Kazi mbili, tarehe 4

Alikuja saa mbili. Saa mbili kamili. Mutu asiye na kitu cha kuficha anachelewa kidogo.

Kunakili kulichukua asubuhi yote. Saa sita mashini iliwaka, nikaona picha yangu ya Bikira Maria kwenye kioo cha mashini, na madosie yangu yote, na majina. Nilifurahi, nakubali. Furaha ya dakika tano. Maandishi yalikuwa makubwa kama ya kitabu cha darasa la kwanza. Sauti hakuna. Mashini ya kuchapa haionekani. Alifungua orodha ya vifaa: pembetatu nne za manjano.

Alinieleza huku anautazama ukuta. Kila kifaa kiko na piloti yake, programu ndogo inayofundisha mashini kuongea nacho. Disku imekuja na piloti za mashini mpya. Sasa iko ndani ya mashini ya zamani na inatafuta vitu ambavyo haviko. Kama mutu aliyehamia nyumba ingine, bado anapapasa swichi pale ilipokuwa kwake kwa zamani. Nilielewa. Sikumuonyesha kama nimeelewa.

Nilimupa maji. Hakunywa.

Kazi tatu, tarehe 5

Amekwenda kutafuta piloti za zamani mujini, amerudi nazo kwenye kle, kile kijiti cha kuchomeka. Nilihesabu dakika. Kwenda na kurudi, muda murefu kuliko lazima.

Kioo kimepona. Sauti imerudi, ilipiga mulio mukubwa nikaruka kwenye kiti. Yeye hakucheka. Pembetatu tatu zimetoka, pamoja na ile ya kuchapa. Imebaki moja, ya karti ya rezo. Anaweka piloti, pembetatu inatoka. Anazima, anawasha, pembetatu inarudi: kifaa hiki hakiwezi kuanza. Aliweka piloti ya pili. Ya tatu. Saa ingine karti inaonekana, saa ingine haiko kabisa, kana kwamba haijapata kuwako.

Najiuliza. Vitu vitatu vimepona kwa siku moja, kwa nini hiki hakiponi? Farmasi, lile duka la dawa anapofanya kazi Nadège, iko ngambo ya barabara. Fundi anayevuta siku anajua anavuta nini. Au anatayarisha kutuambia karti imekufa, lazima anunue ingine, na hii yetu itaenda naye.

Kwenye benchi leo walikuwa watu saba. Mmoja anaoa mwezi huu, anataka karatasi yake. Hakuna karatasi.

Kazi ine, tarehe 6

Niandike kila kitu jinsi kilivyokwenda, nisije nikasahau.

Alichomoa karti. Nilikuwa mezani, ninajifanya ninaandika. Aliipeleka dirishani, akaitazama muda murefu. Kisha aligeuka, na kwa mara ya kwanza macho yake yakaja upande wangu. Hayakufika usoni. Yaliishia kwenye mikono. Nilificha kidole gumba ndani ya kitambaa, ju hiyo verni haijatoka yote, na kila mutu wa parokia anajua minye mwenyewe sipaki makucha.

Aliuliza, “Mama, kuko muntu mwingine alifungulaka hii mashini?”

Nilisema hapana.

Aliigeuza karti tena. Kisha, “Bon. Iko vumbi tu, Mama.”

Akaomba ruhusa ya kutoka kidogo. Na karti ndani ya mufuko wa shati! Sikuwa na neno la kumuzuia nalo bila kujisema mwenyewe. Alirudi baada ya robo saa. Aliiweka ndani, akafunga mashini, akawasha. Pembetatu haikurudi. Alizima na kuwasha mara tano. Mashini ya kuchapa ikaamuka na kutoa karatasi ya majaribio.

Kwa nini aliuliza kama kuna mutu mwingine? Mwizi anatafuta mapema wa kumubebesha.

Kazi tano, tarehe 7

Alikuja kuniletea karatasi ya kazi, akaiweka mezani kwa mikono miwili, akaenda. Nimeisoma. Piloti ya kioo, imewekwa. Piloti ya sauti, imewekwa. Piloti ya kuchapa, imewekwa. Karti ya rezo: vumbi, imesafishwa.

Vumbi. Minye ninapangusa ile biro kila asubuhi, kiangazi na masika. Vumbi ya wapi?

Nilifunga mulango na kufungua mashini. Disku, nukta iko. Memwari, nukta ziko, zote mbili. Karti ya rezo, nilichomoa, nikageuza huku na huku. Meno safi, yanangaa. Nukta haiko.

Nilikaa chini. Nilikuwa na haki. Amebadilisha karti. Alitoka na yetu ndani ya shati, akarudi na ya mutu mwingine. Nilichapa karatasi ishirini za ubatizo kwa hasira.

Siku ya posho, tarehe 8

Kwa Baba mudogo Fidèle. Alikuwa anaota jua nyuma ya nyumba na radio yake. Nilimuambia yote, isipokuwa verni. Nilisema tu nilitia alama. Alisikiliza mpaka mwisho, yule aliyefanya kazi ya kiwanda miaka yote na hapendi maneno mengi. Alisema, “Kama iko mwizi, hatutamupa mutoto. Lakini siku ile ulete na ushahidi, Mama Nadège. Batu bakikuya, hatuwezi kubarudisha na maneno ya mudomo.”

Nitauleta.

Siku ya Mungu, tarehe 9

Nilimuambia Padri Anselme baada ya misa ya pili. Uso wake ulibadilika. Alisema atamuita kijana kesho, tusikilizane.

Kisha nyumbani, Nadège. Niliuliza kama anajua anataka kuolewa na nani. Aliuliza kitu kimoja, kama nilimuona Héritier akiiba. Nilisema niliona alama haiko. Hakulia. Aliosha sahani zote, hata zile safi.

Ninamupenda huyu mutoto kuliko macho yangu. Asije akasema siku moja kama mama yake aliona na akanyamaza.

Kazi moja, tarehe 10

Alisimama mulangoni pa biro. Padri alikuwa kwenye kiti, minye nyuma ya meza. Niliuliza karti yetu iko wapi.

“Karti njo ile, Mama.”

Niliuliza alama yangu iko wapi basi. Alitazama chini. Padri alimusihi aeleze, hata kidogo. Alisema, “Padri, sina ya kusema mbele ya Mama.” Basi. Kimya kingi kina mushindo mukubwa. Kwangu ilikuwa kama ameungama.

Padri alimuomba funguo za chumba cha mashini cha masomo yetu, shule ya parokia, ambacho alikuwa anakitunza. Alizitoa polepole, moja moja, kwenye kamba. Aliinama, akapiga makofi mawili ya heshima kwa Padri, mawili kwangu, akaenda.

Hayo makofi yamenikaa vibaya.

Kazi mbili, tarehe 11

Sokoni wanajua. Muuza unga aliniambia kwamba mutu mmoja alikwenda kwenye meza ya Héritier, pale anapotengenezea mashini za watu, asubuhi na kuchukua mashini yake ikiwa bado wazi, vipande ndani ya mufuko wa plastiki. Aliongeza, “Mama, umetukinga.”

Ningepaswa kufurahi. Sikufurahi. Nilinunua unga na nikasahau chumvi.

Nadège haongei nami. Anasalimia, kwa sababu nilimulea vizuri.

Kazi tatu, tarehe 12

Ushahidi. Nilikumbuka kitabu cha vitu vya parokia. Sekretere aliyenitangulia alikuwa mutu wa kuandika kila kitu, hata idadi ya vijiko. Mashini ya zamani ilipofika kama zawadi, aliifungua na kuandika namba ya kila kipande. Nikajisema: namba ya kitabu na namba ya karti hazitafanana, na siku ya posho nitaviweka vyote viwili mezani.

Nilichomoa karti. Nilisoma namba iliyochapwa juu yake. Nilisoma kitabu. Nilivaa miwani, nikasoma tena. Nilivua miwani, nikasoma tena. Namba moja, herufi kwa herufi.

Karti ni ile ile. Ilitoka na ikarudi, haijabadilishwa.

Sasa nukta yangu ilikwenda wapi? Niliwafukuza watu wa benchi, maskini, na wote nilikuwa nimewaambia waje leo.

Wakati wa chakula nilimuuliza Nadège kama kazi ine ya juma lililopita Héritier alipita farmasi. Alinitazama. Maneno ya kwanza baada ya siku mbili: “Alikuya kuomba alkoli na pamba. Nilimuuliza ya nini. Alisema iko vumbi.”

Sikumaliza bukari, ugali wangu.

Kazi ine, tarehe 13

Minye ni mutu wa kuhakikisha. Nilichukua verni, nikafunga mulango wa biro, nikazima mashini na kuchomoa kamba. Nukta moja kwenye meno ya karti, pahali pale pale. Nilingoja ikauke. Nilirudisha. Niliwasha.

Pembetatu ya manjano. Kifaa hiki hakiwezi kuanza.

Nilizima. Alkoli ya Nadège, pamba, nikasugua. Pamba ikawa nyekundu. Nilirudisha, nikawasha. Pembetatu haiko, mashini ya kuchapa ikaguna kama kawaida yake. Nilirudia mara ya pili, ju mara moja inaweza kuwa bahati. Ilikuwa vile vile.

Basi ni minye. Siku tatu za piloti, watu wa benchi, yule anayeoa, yote ni nukta yangu. Niliiweka kwenye meno ya dhahabu ili asiibe, na yale meno njo karti inaongea nayo. Niliyaziba mudomo mwenyewe.

Na yeye alijua. Tangu pale dirishani. Aliona nyekundu kwenye karti, aliona nyekundu kwenye kidole changu, akaniuliza kwa adabu kama kuna mutu mwingine. Nilisema hapana. Nilimudanganya usoni, na usoni kwangu hawezi kutazama. Akasafisha kosa langu, akaliandika vumbi, akatia sahihi. Na nilipomuita mwizi mbele ya Padri, alikuwa na neno moja tu la kumuokoa. Neno hilo lingeniaibisha. Akalimeza.

Ningekuwa yeye, ningelisema. Ningelisema kwa sauti kubwa.

Nilimuambia Nadège jikoni, kila kitu, na chupa ya verni mukononi. Alitazama ile chupa, kisha akasema, “Sasa angekuambia nini, Mama? Weye uko mukwe yake.” Halafu njo akalia, kwa siku zote alizokuwa hakulia. Niko na aibu. Sina neno lingine.

Kazi tano, tarehe 14

Kwa Padri asubuhi na mapema. Alinisikiliza, akaanza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Amesema atarudisha funguo leo kwa mukono wake. Pia nimekwenda kwa yule muuza unga. Nimemuambia mbele ya wanunuzi kwamba nilisema uongo juu ya mutoto wa watu. Alishika kibaba hewani muda mzima. Hiyo habari nayo itembee, kama ile ya kwanza ilivyotembea.

Nilimutuma Nadège kwa Héritier na nikamukataza kuomba radhi kwa niaba yangu. Hilo ni langu.

Amerudi. Héritier amesema sawa. Lakini mama yake alisikia tangu kazi mbili, na huko Kambove wamekasirika. Hajui kama kesho watakuja. Hakuna anayejua. Nimefua vitambaa vya viti, kwa kungoja watu ambao labda hawaji.

Siku ya posho, tarehe 15

Walisema saa ine. Saa ine ikapita. Saa tano. Baba mudogo Fidèle alitazama saa yake mara nyingi. Nadège alikaa ndani na mulango umefungwa.

Saa tano na nusu walibisha. Mujomba wa Héritier, shangazi yake, mama yake. Héritier nyuma, na shati jeupe. Mama yake hakunipa mukono. Alikaa, akashika mukoba wake juu ya magoti kama mutu ambaye hatakaa sana.

Salamu. Sala. Mujomba alisema waliyokuja kusema, kwa ufupi, kwa ubaridi. Kisha Baba mudogo Fidèle alinigeukia, akauliza, “Mama Nadège, unamujua huyu kijana?”

Nilisimama. Niliweka chupa ya verni juu ya meza, kati ya fanta. Nilisimulia kuanzia kile kisu cha mezani. Nukta. Kidole. Swali lake na jibu langu. Karatasi ya kazi, niliisoma pale pale: karti ya rezo, vumbi, imesafishwa. Nilisema hakuna vumbi. Nilisema aliyemuita mwizi ni minye, na aliyejua ukweli akanyamaza kwa heshima yangu ni yeye. Nilipiga magoti mbele ya mama yake. Magoti yangu hayapendi tena hizo kazi, lakini yalikwenda.

Mama yake alichukua ile chupa, akaigeuza, akaitazama. Kisha akasema, “Ungewekaka juu ya sanduku ya mashini tu, Mama. Inje.” Shangazi akaanza kucheka, mujomba akafuata, na mwisho yeye mwenyewe, mukono kwenye mudomo. Akaniinua kwa kiwiko.

Baba mudogo Fidèle hakucheka. Ni mutu wa utaratibu. Aliuliza mara ya pili, neno kwa neno, kama nilimujua huyu kijana.

Nilisema ninamujua.

Siku ya Mungu, tarehe 16

Misa ya kwanza. Baridi imezidi, vumbi ya barabara inapanda hata kanisani.

Nilipika mwenyewe. Nadège alitaka kusaidia, nikamukataza. Bukari, sombe ya majani ya muhogo, samaki wakubwa wa ziwa la Tshangalele ambao Baba mudogo Fidèle alituma. Siyo siku ya chakula cha kumufungulia Héritier kwa desturi, mambo hayajafika huko. Lakini jana nilimuuliza mama yake, akasema kama ni minye ninayetaka kumufungulia kijana mulango wa chakula, nifungue.

Walikula chini ya paa la nyuma, Héritier na Baba mudogo, migongo kwangu. Nilikuwa jikoni, ninasikia sahani. Alikula samaki mpaka kwenye mifupa.

Nilileta maji, kwa mikono miwili. Alipokea kwa mikono miwili. Alikunywa yote, anatazama chini. Minye pia nilitazama chini.